Alama mbaya kwenye tathmini ya kazi: kabla hujasaini, kabla hujaandika barua ya kuacha

#1 Fundi Tathmini (mleta uzi)

Wakuu, msimu wa tathmini ukifika swali huwa lile lile: "Nimepewa 2 kati ya 5, niache kazi au nisubiri wanitoe?" Swali hilo limeruka hatua. Fomu ya tathmini ni karatasi moja kwenye mlolongo: malengo, tathmini, PIP (mpango wa kuboresha utendaji), onyo, kikao, barua. Kama hujui uko kwenye karatasi ya ngapi, na kama zile zilizotangulia zipo kweli, uamuzi wowote utakaofanya ni wa kubahatisha.

Hapa naongelea sekta binafsi Tanzania Bara, mtu aliyemaliza kipindi cha majaribio na mwenye mkataba usio na kikomo. Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira Na. 11 ya 2005. Watumishi wa umma wana mlango wao, wenye kuujua waje. Mfano wangu ni afisa mikopo, kwa sababu kazi yake ina namba, na namba ndizo zinazoficha mambo.

Siku ya kikao usibishanie alama. Omba vitu vitatu, kwa upole: fomu ya malengo iliyosainiwa mwanzoni mwa mwaka, ripoti ya mfumo iliyotoa hizo namba, na sera ya tathmini ya kampuni. Kisha omba siku mbili za kusoma kabla ya kuandika maoni yako. Meneja wa kawaida anakubali. Akikataa, hilo nalo ni taarifa kwako.

Nyumbani kaa na kikokotoo. Fomu nyingi zina uzito. Tuseme hivi:

Kutoa mikopo, uzito 35%, alama 3
PAR30 (sehemu ya mikopo yako yenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30), uzito 30%, alama 1
Wateja wapya, uzito 15%, alama 3
Amana, uzito 10%, alama 3
Tabia kazini, uzito 10%, alama 3

Zidisha kila alama kwa uzito wake: 1.05 + 0.30 + 0.45 + 0.30 + 0.30 = 2.40. Kama sera inasema chini ya 2.50 ni "hairidhishi", umeanguka kwa mstari mmoja tu. Mstari huo ukipanda kutoka 1 hadi 3, jumla inakuwa 3.00. Kwa hiyo kesi yako haihusu utendaji wako kwa ujumla. Inahusu PAR30, na nguvu zote zielekee hapo.

Linganisha na mtu mwenye 2 kwenye mistari yote mitano. Huyo hana mstari wa kupigania. Ama kazi haimfai, ama meneja ameshaamua, na njia yake ni nyingine kabisa.

#2 kipimo_halisi

Mkuu umegusa penyewe. Niongeze kwenye PAR30, maana hapo ndipo wengi huumizwa bila kuelewa.

PAR30 haihesabu rejesho lililochelewa. Inahesabu salio lote la mkopo ambao una rejesho lililopita siku 30. Mteja anadaiwa rejesho la 380,000, salio lake ni 3,200,000: kinachoingia kwenye PAR yako ni milioni 3.2. Usiichanganye na mikopo chechefu, ile ya kuanzia siku 90. Mameneja wengine wenyewe huzichanganya kwenye maelezo ya fomu.

Sasa angalia kilichorithiwa. Jalada (mikopo yote unayoisimamia) la milioni 420, zilizochelewa milioni 46, PAR ni 10.95%. Ukichambua unakuta milioni 31 kati ya hizo ni mikopo iliyotolewa na afisa aliyehamishwa, ikakabidhiwa kwako ikiwa tayari imeshapita siku 30. Itoe juu na chini: 15 kwa 389, inabaki 3.86%. Kama tageti ilikuwa chini ya 5%, umefaulu kwa mikopo uliyoitoa mwenyewe.

Ushahidi wa hilo ni hati ya makabidhiano ya jalada: tarehe, idadi ya wateja, salio, siku za kuchelewa kwa kila mmoja. Kama ulipokea jalada bila hati, mfumo bado una historia. Omba ripoti ya umri wa madeni ya tarehe ya mwisho wa mwezi kabla hujakabidhiwa. Mfumo hausahau jina la afisa aliyeidhinisha mkopo.

#3 Ngano Nyeupe

Swali dogo. Na kama mwanzoni mwa mwaka hakuna malengo yoyote uliyosaini? Unafika Desemba unaambiwa hukufikia tageti.

#4 Wakili wa Kijiweni

Ngano, hapo ndipo waajiri wengi wanapokwama. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 17, zinauliza maswali matano pale mtu anapoachishwa kwa utendaji duni. Je, kweli alishindwa kufikia kiwango? Alikijua hicho kiwango, au alitarajiwa kukijua? Kiwango chenyewe ni cha haki? Kwa nini alishindwa? Na alipewa nafasi ya kutosha kukifikia?

Malengo yasiyosainiwa yanagusa swali la pili. Jalada la kurithi linagusa la tatu na la nne. Chukua hayo matano, yaandike kwenye karatasi, jibu kila moja kwa sentensi moja ukiwa mkweli kwa nafsi yako. Ukikuta majibu yote yanaelekea kwa mwajiri, usijidanganye kwamba una kesi.

Ila tahadhari: kutosaini si sawa na kutojua. Kama tageti ilitumwa kwa barua pepe Februari na ukajibu "nimepokea", au inabandikwa ukutani kila wiki kwenye kikao cha tawi, umeijua.

Kanuni ya 18 nayo inaeleza utaratibu: mwajiri achunguze sababu, atoe maelekezo au mafunzo panapohitajika, atoe muda wa kutosha wa kujirekebisha, aonye kwamba ajira inaweza kusitishwa, na kabla ya uamuzi wa mwisho aitishe kikao ambacho unaruhusiwa kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Muda wa kutosha haukutajwa kwa siku. Unategemea aina ya kazi, ukubwa wa upungufu, cheo, miaka uliyotumikia na rekodi yako ya nyuma. Mtu wa miaka 7 mwenye tathmini sita nzuri hapimwi kama wa mwaka mmoja. Kwa hiyo tafuta zile tathmini za zamani.

Wenye vyeo vya juu msijisahau. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu kuruka hatua ya kutoa nafasi ya kujirekebisha kwa meneja ambaye ujuzi na uzoefu wake vinamwezesha kujipima mwenyewe.

#5 Mtoto wa Tandika

Mimi nasema usisaini. Ukisaini umekubali, kwisha habari.

#6 Dada Rasilimali

Hapana ndugu yangu Tandika, ushauri huo unaponza watu. Ukikataa kusaini, msimamizi anaita shahidi, anaandika "amekataa kusaini", na fomu inaendelea na safari yake. Kilichobaki kwenye faili ni picha ya mtu asiyeelekezeka. Kuna sehemu wanaigeuza kuwa ukaidi, ambalo ni kosa la nidhamu, na nidhamu ni njia fupi zaidi ya kukutoa kuliko utendaji.

Saini, lakini andika kwa mkono juu ya saini yako, kwenye kila nakala:

"Nimepokea na kusoma. Sikubaliani na kipengele cha 2 (PAR30). Maelezo yangu ya maandishi yataambatishwa. Tarehe ____"

Kama fomu ni ya kwenye mfumo na ina kitufe kimoja tu cha "kubali", weka maneno hayo kwenye kisanduku cha maoni kabla ya kubonyeza. Kama hakuna kisanduku, bonyeza, kisha tuma barua pepe dakika hiyo hiyo kwa meneja na nakala kwa rasilimali watu. Muda ulioandikwa kwenye mfumo na muda wa barua pepe visiachane kwa saa nyingi.

Halafu angalia sera inatoa siku ngapi za kukata rufaa ya ndani. Nyingi zina kipengele hicho lakini hakuna anayekisoma. Zikiwa siku 5 za kazi, Jumamosi huhesabiwa au haihesabiwi? Usibahatishe, peleka siku ya 3.

#7 Ngano Nyeupe

Dada, hayo maelezo yaandikweje? Watu wanaandika kurasa nne za malalamiko.

#8 Dada Rasilimali

Ukurasa mmoja, usizidi. Anayeamua rufaa si meneja wako, ni bosi wake au kamati, na wana fomu 40 mezani. Mpangilio ninaouona ukifanya kazi ni huu:

Sentensi ya kwanza: unapinga kipengele gani, na unaomba nini. "Naomba kipengele cha 2 kihesabiwe upya bila mikopo 23 niliyokabidhiwa ikiwa na zaidi ya siku 30."

Kisha namba: iliyopo kwenye fomu, unayoiona sahihi, na jina la ripoti na tarehe yake. Hapa weka ile hesabu ya kipimo_halisi, 10.95% na 3.86%.

Kisha ulichokifanya kuhusu tatizo wakati linatokea. Hii ndiyo aya inayosahaulika na ndiyo inayobeba uzito. Kama Mei uliandika kuomba msaada wa kitengo cha ukusanyaji na hukujibiwa, taja tarehe. Kama hukuandika chochote mwaka mzima, usitunge.

Kisha kubali kilicho chako. Ile milioni 15 ni yako. Sema utaishushaje na lini.

Usitaje wenzako waliopata alama nzuri. Usimtaje meneja kwa tabia yake. "Meneja ananichukia" ikiingia kwenye karatasi, msomaji anaacha kusoma namba. Kama una hoja ya ubaguzi, unyanyasaji au ujauzito, hiyo inaandikiwa barua yake peke yake kupitia utaratibu wa malalamiko. Usiichomeke ndani ya rufaa ya PAR.

#9 kipimo_halisi

Naomba niweke bango jekundu hapa kabla mtu hajaumia. Mtu akishapata alama mbaya, jambo la kwanza linalomjia ni kujitumia ripoti za wateja kwenye barua pepe yake binafsi, au kupiga picha ya skrini na kuituma WhatsApp. USIFANYE. Majina, namba za simu na madeni ya wateja ni taarifa binafsi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na benki nyingi zinaona kila faili linalotoka nje. Ulikuwa na kesi ya utendaji, kesho unaitwa kwenye kikao cha nidhamu, na kiinua mgongo kinaondoka nacho.

Vya kuhifadhi nyumbani ni vyako: mkataba, maelezo ya kazi, fomu zako za malengo na tathmini, hati za mshahara, barua za pongezi, barua za onyo. Kuhusu ripoti za mfumo, andika kwenye daftari jina la ripoti, tarehe, na jumla zake. Zikihitajika baadaye, mwajiri ataombwa azilete, nawe utajua uombe ipi.

#10 Bahari Kuu

Tuje kwenye PIP sasa. Wengi wanasema PIP ni jeneza tu, wanakupima urefu. Kweli?

#11 Fundi Tathmini

Mara nyingine ni kweli, mara nyingine si kweli, na inasomeka kwenye karatasi yenyewe. Angalia mambo haya.

Mahali pa kuanzia. PIP ya kweli inasema "leo PAR ni 10.95%, siku ya 30 iwe 9%, siku ya 60 iwe 7%, siku ya 90 iwe 5%". PIP ya kukupeleka mlangoni inasema "aongeze juhudi" au inadai 5% ndani ya siku 30. Lengo lisilo na namba haliwezi kufikiwa kwa sababu hakuna anayejua limefikiwa lini.

Msaada. Kuna jina la mtu na tarehe kwenye safu ya "msaada wa mwajiri"? Safu hiyo ikiwa tupu, jaza wewe kwa mapendekezo: siku mbili kwa wiki na afisa ukusanyaji, ukomo wa kupokea jalada jipya kwa miezi mitatu, gari la tawi Jumanne na Alhamisi. Chochote watakachokataa, kikataliwe kwa maandishi.

Mzunguko wa kazi. Kama mkopo unachukua wiki tatu kutoka maombi hadi kuidhinishwa, PIP ya siku 30 inakupa zamu moja na nusu tu. Omba 90, au angalau 60, na sababu yako iwe huo mzunguko, si huruma.

Vikao vya kati. Viwe na tarehe. Meneja akikosa kikao cha siku ya 15, mtumie ujumbe siku hiyo hiyo: "Meneja, kikao cha leo hakikufanyika. Namba zangu za wiki mbili ni hizi. Naomba tupange siku nyingine wiki hii." Usilalamike, rekodi tu. PIP nyingi huharibikia hapa, na zikiharibikia hapa mwenye kuulizwa ni mwajiri.

Baada ya kila kikao andika barua pepe ya mistari mitano kabla ya kulala: tulichokubaliana, namba, nani anafanya nini, lini. Anza na "Kama nilivyoelewa leo...", malizia na "naomba unisahihishe kama nimekosea". Asipokusahihisha, hayo ndiyo makubaliano.

#12 kipimo_halisi

Na kwenye kuishusha PAR yenyewe, usianze na wadaiwa sugu wa siku 180. Ndio wanaoudhi, lakini watakula siku zako zote. Panga orodha kwa siku za kuchelewa, chukua kapu la siku 31 hadi 45, kisha ndani yake panga kwa salio kubwa. Mteja wa siku 34 mwenye salio la milioni 4 akilipa rejesho lile la zamani zaidi, milioni 4 yote inatoka kwenye PAR siku hiyo. Wateja watatu wa namna hiyo wanabadilisha fomu kuliko kumfukuza mmoja wa siku 200 mpaka kijijini kwao.

Wakati huo huo linda kapu la siku 15 hadi 30. Kila anayevuka 30 anafuta kazi ya juzi. Simu siku 3 kabla ya rejesho, simu siku ya kwanza ya kuchelewa, mguu kwa mguu siku ya 7.

Kosa linalofanyika: kukimbilia kupanga mikopo upya ili namba zionekane nzuri. Kwenye mifumo mingi mkopo uliopangwa upya unabaki na alama yake na unafuatiliwa peke yake. Mkaguzi akija anakuta umepanga upya mikopo 11 ndani ya PIP, na hapo maswali yatageuka.

#13 Mtoto wa Tandika

Sawa, nimekubali kwenye saini. Lakini kuna wakati unaona wazi hupendwi, kila unachofanya kibaya. Si bora ujiuzulu mwenyewe, jina libaki safi? Ukifukuzwa nani atakuajiri?

#14 Wakili wa Kijiweni

Tandika, tuweke hesabu mezani halafu uchague. Mshahara wa msingi 1,200,000, miaka minne kamili.

Ukiachishwa kwa utendaji duni (si nidhamu), pamoja na mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo isiyochukuliwa, kuna notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na kuna kiinua mgongo: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa wiki ya siku sita mshahara wa siku ni 1,200,000 gawa kwa 26, yaani 46,154. Mara 7, mara 4: karibu 1,292,000. Kama uliajiriwa kutoka mkoa mwingine, kuna usafiri wa kukurudisha mahali ulipoajiriwa.

Ukiacha mwenyewe, kiinua mgongo hicho cha sheria hakipo. Notisi unadaiwa wewe: ukiondoka bila kuitumikia, mwajiri anaweza kukata kwenye malipo yako. Na fao la kukosa ajira la NSSF, lile la 33.3% ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Kwa mshahara huo ni karibu 400,000 kwa mwezi.

Jumlisha, ni zaidi ya milioni 3 unayoiacha mezani kwa ajili ya jina. Na jina lenyewe: cheti cha utumishi unapewa ukiachishwa au ukiacha.

Jambo la mwisho. Ukijiuzulu, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) unakuwa mwembamba sana, kwa sababu itabidi uthibitishe kwamba mwajiri aliyafanya mazingira yasivumilike hadi ukalazimika kuondoka. Mzigo huo ni mzito. Barua ya kujiuzulu inayosema "nakushukuru kwa fursa, Mungu akubariki" inauongeza uzito.

#15 Dada Rasilimali

Wakili amesema kweli kwenye pesa, ila kuna upande anaoupunja. Afisa mikopo anahama kati ya taasisi ambazo watu wake wanafahamiana, na simu ya "vipi yule kijana, aliondokaje kwenu?" inapigwa. Kwa mwenye ofa nyingine mkononi iliyosainiwa, kuacha kwa notisi kamili ni jambo la akili. Ofa ya mdomo si ofa.

Na kati ya kuacha na kuachishwa kuna njia ya tatu ambayo haitajwi kwenye nyuzi hizi: makubaliano ya kuachana. Unaipendekeza PIP ikiwa katikati, si mwisho, kwa sababu mwisho huna cha kuuza. Mwajiri anaepuka vikao, anaepuka CMA. Wewe unaomba kiinua mgongo kilipwe, mwezi mmoja au miwili juu yake, bima ya afya iendelee hadi tarehe iliyotajwa, na barua ya utambulisho ambayo maneno yake mnayakubali kabisa na kuyaambatisha. Soma kifungu cha "sitadai chochote tena" kabla ya kusaini, maana kinafunga kila kitu.

Halafu kwa watu wa benki, mkopo wa wafanyakazi! Wengi hukumbuka wameshatoka. Riba ya upendeleo kwa kawaida inakoma na ajira. Chukua salio la milioni 12, miezi 36: kwa 8% rejesho ni karibu 376,000, kwa 17% ni karibu 428,000. Ongezeko la 52,000 kila mwezi, wakati huna mshahara. Kwenye makubaliano ombeni riba ya zamani ibaki miezi 6. Wengine hukubali, wengine hukataa, kuomba hakuna ada.

#16 Bahari Kuu

Na aliye kwenye majaribio?

#17 Wakili wa Kijiweni

Huyo ana kinga ndogo. Vifungu vya kuachishwa isivyo haki havimhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na Mahakama ya Rufani imeshaeleza kuwa aliye kwenye majaribio hawezi kudai kama aliyethibitishwa. Bado Tangazo Na. 42 linataka aelezwe kasoro, asikilizwe na apewe muda wa kujirekebisha. Lakini kwa vitendo, nguvu zake azipeleke kwenye kazi na kwenye kutafuta kwingine.

Mwenye mkataba wa muda maalumu naye hesabu yake ni tofauti. Aanze kwa kuangalia miezi iliyobaki na kifungu cha kusitisha.

#18 Pwani ya Kilifi

Salamu kutoka Kenya. Kwetu msingi ni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua, kisha asikilize majibu yao. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu, na akishindwa, kuachishwa huko kunahesabiwa si kwa haki. Fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12, na kesi inapelekwa ndani ya miaka 3, si siku 30 kama huko kwenu. Lakini miaka 3 isikulaze. Mashahidi huhama na barua pepe hufutwa.

Msije mkategemea kile kiinua mgongo chenu huku. Malipo ya utumishi kwetu hayamhusu aliye mwanachama wa NSSF.

#19 mtumishi_wa_wilaya

Watumishi wa umma Tanzania: OPRAS, mfumo wa zamani wa tathmini, imeondoka, sasa ni PEPMIS. Kosa kubwa ni kuacha kujaza utekelezaji wa majukumu ukisubiri mwisho wa mwaka. Alama inafuata kilichoingizwa na kuidhinishwa, hivyo kazi uliyofanya bila kuingiza haipo. Msimamizi asipoidhinisha, mkumbushe kwa maandishi na umtaarifu afisa utumishi.

Na msikimbilie CMA. Sheria ya Utumishi wa Umma inawataka mmalize kwanza ngazi zilizomo humo, ikiwemo rufaa kwa mamlaka husika au Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 45 tangu kupokea uamuzi.

#20 Ngano Nyeupe

Wakili, hizo siku 30 za CMA zinaanza lini? Tarehe ya tathmini, au?

#21 Wakili wa Kijiweni

Tarehe ya kuachishwa, au ya uamuzi wa mwisho wa mwajiri kuthibitisha kuachishwa huko; kwa usalama hesabu ile ya kwanza. Alama mbaya peke yake haijakufikisha huko; hiyo inamalizwa kwa rufaa ya ndani na utaratibu wa malalamiko. Ukiachishwa, unajaza Fomu Na. 1 ya CMA, nakala unampelekea mwajiri na unabaki na uthibitisho kwamba amepokea, kisha unawasilisha CMA ya eneo mgogoro ulipotokea. Usuluhishi una siku 30. Usipofanikiwa unaenda kwenye uamuzi. Madai mengine, kama likizo au mshahara uliozuiwa, yana siku 60.

Panapoharibika ni hapa: mtu anaachishwa tarehe 3, anakata rufaa ya ndani tarehe 8, anasubiri majibu hadi tarehe 12 ya mwezi unaofuata akidhani saa imesimama. Peleka fomu CMA hata kama rufaa ya ndani haijajibiwa. Na kwenye sehemu ya sababu usiandike "kuachishwa isivyo haki" tu. Jaza sababu na utaratibu, pande zote mbili, kwa kuwa huko mbele utabanwa na ulichojaza.

Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mfano TUICO au FIBUCA, mwite mwakilishi tangu PIP ianze, si siku ya kikao cha mwisho.

#22 Bahari Kuu

Na siku ya 30 ikiangukia Jumapili?

#23 Wakili wa Kijiweni

Peleka Alhamisi. Ijumaa acha kwa ajili ya karani atakayekuambia nakala moja haina saini.